Jua na Mdomo wa Kiko

Mdomo wa kiko ukifungiwa mfukoni, mahali pakavu pasipo mwanga, hukaa mweusi kwa miaka. Ukiachwa dirishani kiangazi kimoja, huanza kupauka, ukawa rangi ya majani makavu kisha kahawia, na anayeutia kinywani hukutana na uchungu wa salfa. Unyevu na hewa vina sehemu yao katika uharibifu huo, lakini mchokozi mkubwa ni mwanga wa jua.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, nchini Tanzania, jambo hilo lina uzito wa pekee. Jorodom, kwenye miteremko ya Mlima Hanang, ndiko inakoanzia njia maarufu ya kupandia kilele chenye zaidi ya mita 3,400, na katika nchi ya juu namna hiyo mionzi ya jua ni mikali kuliko pwani. Hii ni nchi ya Wairaqw na Wadatoga. Katika imani ya asili ya Wairaqw, Looa ni Mungu na ni jua, naye ni mama mwema. Mabaya hutoka kwa netlaamee, pepo wanaokaa kwenye vijito na chemchemi. Wadatoga humwita Mungu Aseeta, naye pia ana undugu na jua. Mtu aliyekulia katika mafundisho hayo ana haki ya kuuliza: inakuwaje kitu kiharibiwe na kile kile kinachotoa uhai?

Wa kwanza kutuhumiwa si jua, ni kiko chenyewe. Midomo mingi ya viko vya zamani ni ya ebonaiti, yaani mpira uliochanganywa na salfa nyingi, mara nyingi karibu asilimia 30, kisha ukapikwa kwa saa kadhaa hadi ukawa mgumu kama mpingo. Nelson Goodyear alipata hataza ya mpira huo mgumu nchini Marekani mwaka 1851, miaka saba baada ya nduguye Charles kupata ya mpira wa kawaida uliotiwa salfa. Bila salfa, mpira ungebaki laini na wa kunata, usiofaa kuumwa kwa meno. Ila mwanga unapoupiga uso wa ebonaiti mbele ya hewa na unyevu, salfa hiyo hiyo huachia na kugeuka tindikali juu ya ngozi ya mdomo. Kilichoupa uimara ndicho kinachoutia doa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha moyo na kioo, na kioo cha zama zake kilikuwa bamba la chuma lililosuguliwa. Katika kitabu chake cha Ihya alitaja sababu tano za kioo kutoonyesha sura, na mbili za kwanza alizitenga wazi: kasoro ya chuma chenyewe ambacho hakijaundwa kikamilifu, na kutu iliyokuja baadaye, ambayo kwa moyo ni giza la dhambi. Mgawanyo huo ni mzuri, lakini ebonaiti haiukubali. Doa lake halikutoka nje likaja kukaa juu, wala fundi hakukosea alipouunda mdomo. Limevutwa na mwanga kutoka ndani ya mwili wake. Hapo hakuna wa kushtakiwa peke yake, si jua wala salfa. Kuna vitu viwili vyema vilivyoachwa pamoja bila mwangalizi. Swali la Jorodom basi linaachana na asili ya ubaya na kumgeukia mwenye kiko.

Wahadzabe wa bonde la Yaeda, huko huko Mbulu, wamelikwepa kabisa: kiko chao ni bomba la jiwe laini lililochongwa kwa mkono, na jiwe halina salfa ya kuachia.

Mwenye kiko cha ebonaiti hana nafuu hiyo. Kazi yake ni ndogo, ila haikubali kuahirishwa: asubiri kiko kipoe kabla ya kuuchomoa mdomo, aufute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuvuta, aupake mafuta au nta kidogo sana, kisha auweke gizani. Akiliacha doa likomae, hakuna tena kufuta, ni kukwangua. Msasa laini wa majimaji hutangulia, halafu ulio laini zaidi, kisha nta ya kung'arishia. Wengine huuloweka kwenye jiki, nayo hulila doa pamoja na uso wa mdomo, ukabaki na vishimo.

Hapa ndipo mahubiri mengi ya kutakasa moyo yanapostahili kupingwa. Toba kubwa yenye machozi husifiwa kuliko ufutaji wa kila jioni, kana kwamba msasa haupunguzi kitu. Unapunguza. Viko vya chapa ya Kiko, vilivyotengenezwa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation kwa jiwe jeupe la Sinya, karibu na Amboseli, vilikuwa na alama ya tembo. Alama iliyogongwa kwenye ebonaiti ina kina kidogo mno, na mkono wenye haraka ya kutafuta weusi wa zamani huiondoa pamoja na doa. Mng'ao unarudi, ushahidi wa kiwanda na wa nchi hautarudi. Mafundi makini hujaza alama hiyo mafuta ya mgando kabla ya kuloweka mdomo katika dawa, na wanapofika karibu nayo hawatumii msasa kabisa, hata kama kivuli cha kahawia kitabaki kuizunguka.

Yesu, katika Mathayo 6, anawaonya wanaojiwekea hazina ziliwazo na nondo na kutu. Onyo hilo linawahusu wanaolimbikiza. Kiko cha babu, ambacho pengine hakiwashwi tena kwa kuwa madhara ya tumbaku yanajulikana, si limbikizo. Anayekifuta anamtunza mtu kwa njia ya kitu chake.

Siku hizi viko vingi huuzwa na midomo ya akriliki, ambayo haipauki juani. Hata hivyo wapo wavutaji wanaoendelea kuagiza ebonaiti, kwa sababu ni laini kwa meno na akriliki huwachosha taya. Wanajua watakuwa na kazi ya kitambaa kila siku, na wanainunua hivyo hivyo.