Sitara ya Mja na Sitara ya Cheo

Alinijia nyumbani kwangu Maringo, Nairobi, jioni moja baada ya jua kuteremka nyuma ya mapaa ya mtaa, mama mmoja mjane ninayemheshimu, ameshika barua iliyokunjwa mara nne, akaniambia, "Mwalimu, hebu nisomee tena, huenda mimi sikuifahamu." Aliifahamu barabara. Wakili wa mjini alikuwa akimwarifu mwana wa mama huyo ya kwamba maneno aliyoyaeneza kwa simu yamemvunjia heshima ofisa mmoja wa serikali wa pande zetu, na kwamba asipoyafuta, akaomba radhi hadharani na kulipa fidia katika muda wa siku saba, shauri litapelekwa mahakamani.

Nilimwita kijana nikayasoma aliyoyaandika, nikaona ni mambo mawili yaliyofungwa katika mzigo mmoja. La kwanza lilikuwa picha ya orodha ya basari kama ilivyobandikwa ukutani, pamoja na maelezo yake jinsi nyumba zenye nafasi zilivyolipiwa karo, hali mayatima wa mtaa, ambao yeye mwenyewe amekuwa mmoja wao, wamepitwa. La pili lilikuwa habari aliyoidaka kinyozini juu ya ndoa ya ofisa huyo.

"Yote ni kweli, Mwalimu," akasema, kana kwamba neno hilo limekata shauri.

Mimi sikuona kwamba limelikata. Mahakamani ukweli ni ngao ya mshtakiwa. Bali katika elimu ya dini, kama nilivyoisikia utotoni katika darsa za Majengo, Pumwani, ukweli ndio sharti la dhambi yenyewe, kwa kuwa kumtaja mwenzio kwa lililomo ndani yake, naye akachukia litajwe, ni ghiba, na kumtaja kwa lisilokuwamo ni buhutani, ambayo ni nzito zaidi. Sheria ya fidia tunayoitumia leo si kali kiasi hicho juu ya ulimi.

Lakini dini haikutia kufuli vinywa vya wanyonge. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu asiyependa maneno maovu yatangazwe amemtoa katika katazo hilo mtu aliyedhulumiwa. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipokusanya Riyadh as-Salihin alihesabu mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa ubaya wake si haramu, akatanguliza mdhulumiwa anayepeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kumtendea haki. Jirani zetu Wakristo wa mtaa wa Jericho wanalo la namna hiyo katika Mambo ya Walawi, sura ya 5, ambapo shahidi aliyeitwa naye akanyamaza anaubeba uovu wake.

Hapo atatokea mwenye hoja aseme: huyu kijana hakupeleka malalamiko kwa kadhi wala kwa mkuu yeyote, aliyamwaga mbele ya mtaa mzima. Hoja hii nimeikalia siku nyingi, wala siidharau. Jawabu langu ni kwamba Katiba ya 2010, katika Ibara ya 1, imeweka mamlaka yote ya nchi mikononi mwa wananchi, na viongozi wanayashika kwa niaba yao. Basi madhali fedha za basari ni za umma, mwenye uwezo wa kutenda haki juu yake ni umma, na aliyeuambia mtaa amemwambia hakimu wake. Ndoa ya ofisa, kwa upande wa pili, haimo katika mamlaka ya hakimu huyo hata kidogo. Sitara ni haki ya mja, kwa udhaifu wake na nyumba yake. Cheo hakina utupu wa kusitiriwa.

Sheria zetu zimeyumba sana katika kuipambanua tofauti hii. Tarehe 19 Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana hata raia asiweze kujua kosa linaanzia wapi. Na tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo aliiondoa kashfa katika jinai, kwa hoja kwamba aliyevunjiwa heshima anaweza kudai fidia bila mwenzake kufungwa. Kisha ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na kwa habari za uongo ikaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 na kifungo kinachoweza kufika miaka 10. Sisemi uongo ustahamiliwe. Nasema kwamba mwenye cheo ndiye mwepesi wa kuuita uongo, na mnyonge ndiye anayelala korokoroni ukingali ukichunguzwa.

Albert Ojwang alilala huko usiku mmoja tu. Alikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka 31, akachukuliwa kwao Homa Bay mwezi Juni 2025 kwa maneno yaliyoandikwa juu ya Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akaletwa Nairobi, akafia katika seli ya kituo cha Central. Polisi wakasema amejigonga kichwa ukutani, na madaktari walioupasua mwili wakaonyesha kwamba majeraha yale si ya mtu aliyejigonga. Tangu hapo, mama wa Eastlands anapoona barua yenye muhuri, hasomi fidia, anamsoma Ojwang. Ndiyo maana yule mjane alitaka asomewe mara ya pili.

Ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui ninayemkumbuka katika jambo hili, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 kuwakosoa watu wake wenyewe wa Mombasa, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwake yeye kalamu na mizani zilikaa katika mkono mmoja.

Nilimwambia kijana orodha aiache, nami nitasimama naye katika mahakama ya Makadara ikibidi, na lile la ndoa alifute usiku uleule. Kisha tuliirudia barua ya wakili mstari kwa mstari, na hapo ndipo moyo wangu ulipouma: malalamiko yake yote yalikuwa juu ya orodha. Juu ya mke, ambaye hakuwa ofisa wa kitu chochote, hapakuwa na hata neno moja.

Kwa hiyo Jumapili tulimwendea mke huyo. Alisikiliza amesimama mlangoni, ukingo wa leso mkononi, hadi kijana alipomaliza kuomba radhi, kisha akauliza ni watu wangapi waliokwisha kuyasoma. Kijana hakuijua idadi yao, akainamisha uso.

"Basi waambie," mama yule akasema, "mmoja mmoja."

Alianza jioni ileile, kwa kinyozi.