Bei ya Haki ya Cherehani Kuukuu

Katika vijiji vyetu vya Ringwani, na katika nchi yote ya Serengeti mpaka Tarime, wapo watu wapitao wakinunua vyuma chakavu. Hununua sufuria zilizotoboka, majembe yaliyokwisha, vipande vya baiskeli, hata cherehani kuukuu, na kila kitu hupimwa kwa mizani. Mwenye kuuza hufurahi kupata fedha kwa kitu kilichokuwa kikiliwa na kutu nyuma ya nyumba. Katika jambo hili hakuna neno baya. Walakini biashara hii yazaa swali moja, nalo ndilo nitakalo tulifikiri pamoja: Mtu mwenye ujuzi akiona ya kuwa kitu kile ni chema, na mwenye mali hajui, je, yampasa kumwambia kabla ya kununua, au aweza kunyamaza?

Tuweke mfano. Tuseme yuko mwalimu apendaye kutengeneza mashine jioni, akiisha kusahihisha madaftari. Yeye si fundi wa nguo, wala hatafuti riziki kwa cherehani. Ni kazi ya mikono impumzishayo. Siku moja apita kwa mama mjane, aona cherehani ya marehemu mumewe imewekwa chini ya ghala. Gurudumu haligeuki, mkanda wa ngozi umekatika, na meza imeliwa na mchwa. Mama asema, "Mwalimu, hiki kimekufa zamani. Mwenye mizani akija nitampa." Mwalimu ainama, afuta vumbi kwa kidole, asoma maandishi: Singer 31K.

Hapo moyo wake waruka, maana yeye ajua mambo asiyoyajua mama yule. Singer alipata hati ya uvumbuzi wa cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na baadaye kampuni yake ilijenga kiwanda kikubwa sana Clydebank, katika nchi ya Uskoti. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885, kikafungwa mwaka 1980. Herufi K ni alama ya Kilbowie, mahali kiliposimama kiwanda. Na 31K si cherehani ya nyumbani; ni ya kazi za kiwandani, iliyofanywa kwa ajili ya mafundi washonao makoti na nguo nzito kutwa. Hata sindano yake si ile ya cherehani ya nyumbani: shina lake ni mviringo mtupu, halina ubavu bapa.

Tena mwalimu ajua ya kuwa gurudumu lililokaza si dalili ya mauti. Mara nyingi ni mafuta ya zamani tu, yaliyokauka yakawa kama gundi. Dawa yake ni kutia matone ya mafuta ya taa katika matundu ya mafuta, kuiacha usiku kucha, kisha kuligeuza gurudumu kidogo kidogo pasipo kulilazimisha. Likiisha kulegea, uchafu hufutwa, nayo hutiwa mafuta halisi ya cherehani. Kutu ya nje haitishi. Kinachotisha ni ncha iliyovunjika ya kile kishikio cha chini kidakacho uzi wa sindano, au mhimili uliolika ndani. Mwalimu apapasa, atazama, aona ya kuwa kwa kadiri inavyoonekana chuma ni kizima. Basi, aseme nini? Akinyamaza, ataipata kwa bei ya chuma. Akisema, bei itapanda.

Wako watakaomshauri anyamaze, nao wanazo hoja nne. Si hoja za kipumbavu, tuzitazame moja moja.

Kwanza watasema: Wajinga ndio waliwao. Asiyejua mali yake amejipunja mwenyewe. Lakini methali hii yatoka kinywani mwa nani, na kwa nani? Mzazi amwambiapo mtoto maneno hayo, amtaka aamke na kujifunza. Hamfundishi kwenda kuwatafuta wajinga awale. Methali ni onyo kwa anayeliwa, wala si ruhusa kwa mlaji. Na tukimfikiri mwalimu wetu hasa, neno hili lazidi uzito. Mchana hula mshahara kwa kuwa huwaondolea watu ujinga. Je, jioni ajipatie faida kwa kuwaachia ujinga wao?

Pili watasema: Yeye hakudanganya. Hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu, na kunyamaza si dhambi. Hapa yafaa tufikiri juu ya mnada wa ng'ombe, maana sisi watu wa Mara twaujua vema. Mnunuzi mwenye jicho aona mtamba, ajua ya kuwa utakuwa ng'ombe wa maziwa mengi, naye hasemi kitu. Hutazama kando kana kwamba hautaki. Hakuna amlaumuye. Kwa nini? Kwa sababu aliyeuleta mtamba ule naye ni mfugaji. Amemjua mama yake na bibi yake, na kama anyamazavyo mnunuzi, ndivyo anyamazavyo muuzaji juu ya kwato mbovu. Wote wawili wanayo macho, na ukimya wao ni mchezo wa watu sawa. Lakini mjane na cherehani hawako katika mnada. Yeye alijua kushonewa, hakujua mashine. Tena amekwisha kusema mbele ya mwalimu neno lisilo kweli, ya kuwa kitu kile kimekufa, naye asema hivyo kwa kumwamini msikilizaji. Mwalimu akinyamaza baada ya neno hilo, ukimya wake ni jibu. Ni sawasawa na kusema, "Naam, mama, kimekufa."

Na wako wanaozidi kunyamaza. Hutikisa kichwa na kukisema vibaya kitu wanachokitamani. Mtu wa namna hii si wa leo. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 20, chamtaja mnunuzi akidharauye kitu sokoni, kisha ajisifu njiani akirudi.

Tatu watasema: Thamani ya mashine yatoka katika kazi ya mwalimu. Pasipo yeye ingeyeyushwa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi tusiitupe, ila tuigawe. Tuseme kwa mfano tu ya kuwa cherehani ile ikiwa nzima ingepata mafungu kumi ya fedha, na chuma chake kwa mizani fungu moja. Mkanda, sindano, mbao za meza na mafuta vitakula mafungu mawili. Kazi ya mwalimu ya jioni nyingi tuipe mafungu mawili. Tena iko hatari, maana huenda akaifungua akakuta mhimili umelika, na fedha yake imepotea. Hatari hiyo tuipe fungu moja. Jumla ni mafungu matano, nayo ni haki yake asiyopaswa kuionea haya. Lakini matano yaliyobaki yametoka wapi? Hayakutoka mikononi mwake. Yalikuwamo katika chuma kabla hajapita njia ile: katika kazi ya wale waliokifanya kwa uangalifu kule Clydebank, na katika jasho la marehemu aliyeinunua na kuitunza. Hayo ni ya mjane. Akimpa fungu moja, mengine manne ameyachukua, wala hakuyafanyia kazi.

Nne watasema: Mwalimu si mchuuzi. Hataiuza, aitaka kwa kujifurahisha tu. Hoja hii yaonekana nzuri kuliko zote, lakini naiona kuwa dhaifu kuliko zote. Mchuuzi wa vyuma anao watoto wanaongoja chakula, na asipopata faida leo, watalala na njaa. Twaweza kumwelewa hata tusipomsifu. Lakini yeye anunuaye kwa kujifurahisha hana shida ya kumtetea. Kupenda kazi ya mikono si kosa. Ni jambo jema, na heri mtu ashikaye bisibisi jioni kuliko ashikaye kibuyu cha pombe. Walakini furaha yake ikilipiwa na mjane bila mjane kujua, imekwisha kuwa furaha ya namna nyingine.

Swali hili si geni duniani. Augustino, askofu wa Hippo, mji wa Afrika ya Kaskazini katika nchi iitwayo sasa Algeria, aliyefariki mwaka 430, alilitaja katika kitabu chake juu ya Utatu. Asimulia habari za mwigizaji mmoja aliyewaahidi watu kuwafunulia yaliyomo mioyoni mwao wote, kisha akawaambia ya kuwa kila mtu ataka kununua rahisi na kuuza ghali. Watu wakamshangilia. Lakini Augustino akasema ya kuwa si wote; maana yeye alimjua mtu aliyeletewa kitabu cha kununua, akaona ya kuwa muuzaji hajui thamani yake na ataka bei ndogo, naye akamlipa bei ya haki asiyoitazamia. Basi jambo hili lawezekana, na lilikwisha kutendeka.

Na kabla yake, Cicero wa Roma, katika kitabu cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza habari za Quintus Scaevola aliyetaka kununua shamba. Muuzaji akataja bei. Scaevola akamwambia ya kuwa shamba lastahili zaidi, akaongeza sestertii 100,000, fedha ya Kirumi. Cicero asema ya kuwa hapana aliyekana kwamba lile lilikuwa tendo la mtu mwema, ila watu walikana kwamba ni la mtu mwenye busara. Yeye mwenyewe hakukubali kuvitenga viwili hivi, wema upande huu na busara upande ule. Nasi je? Katika baraza zetu, mtu alipaye zaidi ya alichoombwa huitwa mwema kwa sauti kubwa, na mpumbavu kwa sauti ndogo.

Tusifiche ya kuwa haki ina gharama. Mwalimu akisema kweli, huenda mama akamwambia, "Ahsante, baba, basi nitamwuzia fundi wa sokoni," naye mwalimu akarudi mikono mitupu. Hilo laweza kutokea, na mama hatakuwa amekosa, kwa kuwa mali ni yake. Lakini hapo ndipo mwalimu atakapojua alichokuwa akikipenda. Kama alipenda kuifufua mashine, njia bado iko wazi: aweza kusema, "Mama, niruhusu niitengeneze, unilipe ujira wangu utakapoiuza." Jioni zake atazipata, harufu ya mafuta ataipata, na siku ile gurudumu litakapozunguka ataifurahia kama nyingine yoyote. Kama hilo halimridhishi hata kidogo, basi hakupenda kazi ile. Alipenda kupata kitu cha bei kubwa kwa bei ndogo.

Basi, yampasa kusema maneno machache tu: "Mama, hii haikufa. Ikitengenezwa itashona. Sina hakika na mambo ya ndani, na mimi nitatoa kiasi hiki. Ukitaka, muulize fundi kwanza." Akiisha kusema hayo, apunguze bei kwa haki kama awezavyo, maana kupatana bei si dhambi. Kosa ni kupatana na mtu uliyemwacha gizani, nawe unashika taa.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri kilichofunikwa na kutu hakiwezi kujiuza. Chahitaji kinywa cha mtu akijuaye. Ndugu msomaji, huenda wewe si mtengenezaji wa cherehani. Lakini liko jambo ulijualo kuliko jirani yako, kama ni mashamba, au barua za serikali, au hesabu. Siku atakapokuja kwako kuuza asichokijua, utamwambia?