Huruma kwa Mnyama wa Mwitu

Huruma ni sifa ambayo kila mtu hudai kuwa nayo, lakini ni wachache waliopata kuipima. Kumhurumia mtoto wako si kazi ngumu, maana ni damu yako. Kumhurumia ng'ombe wako ni rahisi vile vile, maana hukupa maziwa. Kipimo cha kweli cha huruma ni kiumbe asiye na udugu nawe, asiyekupa kitu, ambaye siku utakapomponya atakwenda zake bila kugeuka nyuma. Kiumbe huyo ni mnyama wa mwitu aliyejeruhiwa. Nataka, msomaji, tuulizane maswali mawili juu yake. Je, tuna wajibu wa kumwokoa? Na kama tunao, wajibu huo huishia wapi?

Tusiende mbali kutafuta mfano. Likuyani, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, ni nchi ya mahindi. Wakati wa ukoloni mashamba yake makubwa yalikuwa mikononi mwa walowezi. Uhuru ulipofika mwaka 1963, na katika miaka iliyofuata, mashamba hayo yaligawanywa, na familia nyingi zikapata mahali pa kulima na kujenga. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini kila ardhi inayolimwa iliwahi kuwa makao ya viumbe wengine pia. Kata moja ya Likuyani huitwa Kongoni. Nenda huko leo utaona mahindi, ng'ombe na nyumba za watu. Jina la mnyama lipo, makundi ya wanyama hayapo. Waliobaki ni wale wawezao kuishi katikati yetu, na mmoja wao ni korongo mwenye taji, ndege wa vinamasi na mashamba ya magharibi mwa Kenya.

Urefu wa ndege huyu hukaribia mita moja, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita mbili. Kichwani ana manyoya ya rangi ya dhahabu yaliyosimama kama taji ya mfalme. Uganda imemweka katika bendera yake. Hujenga kiota chake vinamasini, kati ya matete, na dume na jike huatamia mayai kwa zamu. Mchana hutembea mashambani akitafuta wadudu, mbegu na vyura. Pamoja na uzuri huo wote, mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu zake zajulikana: vinamasi hukaushwa ili vilimwe, nyaya za umeme humvunja mabawa arukapo, sumu humwua, na watu huchukua makinda yake ili kuyafuga au kuyauza.

Basi tuseme kwamba asubuhi moja mwanafunzi aendaye shule amkuta korongo kando ya shamba, bawa moja limevunjika na kuburuta chini. Afanye nini?

Wako wasemao kwamba apite. Husema kuwa mwituni kuna sheria yake: simba hula punda milia, mwewe hula kifaranga, na aliye dhaifu huanguka ili aliye na nguvu aishi. Mwanadamu, kwa maoni yao, hana amri ya kuingilia hukumu hiyo. Neno hili lina kweli ndani yake, wala tusilidharau. Mtu akimnyang'anya mwewe windo lake kwa huruma, amemwokoa mmoja na kumnyima chakula mwingine, tena huenda makinda ya mwewe yanangoja kiotani. Kwa hiyo si kila jeraha la mwituni linatuita.

Lakini hebu tutazame lile bawa lilivunjwa na nini. Halikuvunjwa na mwewe. Lilivunjwa na waya tulioutandaza sisi, au jiwe lililorushwa na mtoto wetu, au mtego uliotegwa na jirani yetu. Hapo hatuwezi tena kuzungumza juu ya sheria ya mwituni, maana mvunjaji ni mwanadamu. Kumponya aliyeumizwa na mwitu ni hisani. Kumponya uliyemwumiza mwenyewe ni deni. Tofauti hii ni kubwa. Hisani mtu huitoa akipenda, lakini deni hulipwa. Mwaka 1956 George Adamson, askari wa wanyamapori katika Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu wachanga. Yeye na mkewe, Joy, wakawalea. Wawili walipelekwa Rotterdam, katika Uholanzi, wakaishi katika bustani ya wanyama. Wa tatu, aliyeitwa Elsa, alifundishwa kuwinda na kujitegemea hata akarudi porini, akazaa huko watoto watatu. Wengi husimulia habari hii kama habari ya mapenzi. Mimi naona kwamba kwanza ni habari ya deni: aliyeondoa mama alijiona amebeba wajibu wa mama.

Wako wengine wasemao kuwa watu kwanza. Huuliza: Tutashughulikaje na ndege hali kuna wagonjwa wasio na dawa na watoto wasio na karo? Swali hili ni zito, na anayelicheka hajapata kulala na njaa. Hata hivyo, huruma si debe la mahindi ambalo ukimgawia huyu kisahani kimoja yule hukosa kisahani hicho. Huruma hufanana zaidi na mkono: kwa kadiri unavyofanya kazi, ndivyo unavyopata nguvu. Mtoto aliyezoea kumpiga mawe ndege aliyevunjika bawa amejifunza jambo fulani juu ya aliye dhaifu, na hatalisahau siku atakapokuwa na amri juu ya watu. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Walikuwa wakituaibisha kwa kuwa tunaona maumivu yetu tu.

Basi tumekubali kwamba tunao wajibu. Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi: wajibu huo huishia wapi?

Mwanafunzi wetu mwema aweza kumbeba korongo nyumbani, akamfunga bawa, akamlisha mahindi, na baada ya miezi akawa na ndege mzuri atembeaye uani pamoja na kuku. Majirani watakuja kumtazama. Watamsifu mwanafunzi kwa moyo wake. Lakini je, amemwokoa? La, hasha. Amemtoa katika mauti akamtia katika kifungo. Huruma yake ilianza vizuri, kisha ikageuka kuwa umiliki, na kwa sababu ilibaki na sura ya huruma, hakuna aliyeona badiliko hilo, hata mwenyewe.

Jambo hili lilitokea kwa nchi nzima. Katika Rwanda korongo wenye taji walipendwa hata wakakaribia kwisha porini. Walitekwa wangali makinda wakawekwa katika bustani za hoteli na nyumba za watu wenye uwezo. Wengine walikatwa manyoya ya mabawa au kuvunjwa mabawa ili wasiruke. Hakuna aliyewachukia. Kutoka mwaka 2014 daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, alianza kazi ya kuwaomba watu wawatoe kwa hiari, pasipo adhabu. Ndege walipimwa afya, na wale walioweza kuruka walipelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, wakafunzwa tena kidogo kidogo maisha ya uhuru. Zaidi ya mia moja walirudi porini. Wale ambao mabawa yao yalikuwa yameharibika kabisa walitengewa kinamasi katika mji wa Kigali, paitwapo Umusambi, ili waishi angalau miongoni mwa matete na wenzao. Tufikiri juu ya habari hiyo. Taifa lilipaswa kuwaokoa ndege kutoka mikononi mwa watu waliowapenda.

Mapenzi yaweza kuua hata pasipo kufunga mlango. Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alitumia miaka mingi kutafuta maziwa yatakayomfaa mtoto wa tembo, maana maziwa ya ng'ombe humdhuru. Katika miaka ya 1970 alimlea tembo mchanga aliyeitwa Aisha, akamwona anastawi. Kisha ilimlazimu kusafiri siku chache kwa harusi ya binti yake. Aisha alimzoea yeye peke yake. Alipomkosa alikataa kula, akadhoofika, akafa. Kutokana na msiba huo mama huyo alijifunza kwamba mlezi hapaswi kuwa ulimwengu mzima wa anayelelewa. Katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1977 kwa jina la marehemu mumewe, David, walezi hupokezana: aliyelala na mtoto wa tembo usiku huu si yule atakayelala naye usiku wa kesho. Mtoto hupendwa na wengi ili asifungwe na mmoja, na zaidi ya yote hufundishwa kuwapenda tembo wenzake. Baada ya miaka kadhaa hupelekwa Tsavo, huko akajiunga na makundi ya porini kwa hiari yake na kwa wakati wake. Wako waliorudi kuwaonyesha walezi wao watoto waliowazaa porini, kisha wakaondoka tena.

Hapa ndipo methali yetu kongwe inapopata maana yake kamili: tenda wema nenda zako. Kwa kawaida twaitumia kumfariji mtu aliyekosa shukrani. Lakini kwa mnyama wa mwitu kuondoka si ukosefu wa shukrani. Ndiyo kazi yenyewe iliyokamilika. Daktari hamlaumu mgonjwa kwa kutoka hospitali.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu wa Likuyani hana budi kujifunza kutenda kidogo kwa akili kuliko kutenda kingi kwa papara. Akimkuta kinda wa korongo mzima kando ya kinamasi, amwache, maana makinda hawa hutoka kiotani mapema na wazazi huwa karibu wakimngoja mtu aondoke. Akimkuta ndege aliyeumia, amfunike kwa kitambaa chepesi, amweke mahali penye giza na kimya, asimlazimishe kula, asiwaite watu kumtazama, na apeleke habari upesi kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa mwitu pasipo kibali. Wengine huiona sheria hiyo kuwa ngumu. Mimi naiona kuwa imeujua moyo wa binadamu, ambao kila siku hutafuta sababu njema ya kubaki na kisicho chake.

Lakini liko jambo moja zaidi, nalo likiachwa yote tuliyosema ni bure. Mnyama aliyepona hurudishwa wapi? Tukimponya korongo bawa na huku tumekausha kinamasi alimozaliwa, tumempa afya ya kwenda kufa mahali pengine. Katika kaunti jirani ya Trans Nzoia iko Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa vinamasini. Ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa za Kenya, imezungukwa na mashamba, na bado nzohe na korongo hupata kimbilio humo. Hiyo yatuonyesha kwamba makao ya kurudia si lazima yawe makubwa, lazima yawepo. Mkulima wa kando ya Nzoia anayeacha ukanda wa matete usilimwe huokoa wengi kuliko daktari, ingawa hakuna atakayempiga picha. Naye si haki abebe mzigo huo peke yake. Watoto wa Elsa, mama yao alipokufa mwaka 1961, walianza kula mbuzi wa wenyeji, ikabidi wahamishwe. Anayeurudisha mwitu na aulize kwanza utakaa mlangoni pa nani, na jirani huyo asikilizwe na asaidiwe kama ndugu.

Msomaji, huenda wewe hutapata kumwona mtoto wa tembo aliyefiwa na mama. Lakini ukikaa katika nchi ya mashamba na mito, siku moja utakutana na kiumbe aliyeumia njiani. Siku hiyo usijiulize tu kama una huruma, maana moyo utajibu upesi kwamba unayo. Jiulize ni nani aliyemwumiza, ni nani ajuaye kumponya kuliko wewe, na kama uko tayari kumwona akiruka juu ya mahindi, akivuka mto, akipotea machoni pako pasipo kukumbuka hata jina lako. Ukiwa tayari kwa hilo, mwinue taratibu.