Roho ya Fidla



Vijana wenzangu, leo twende Cremona, mji wa kaskazini mwa Italia. Huko ndiko Antonio Stradivari alikotengeneza fidla zake hadi alipofariki mwaka 1737, na mafundi wa mji huo bado wanazichonga kwa mkono. UNESCO iliutambua ufundi wao mwaka 2012. Fidla moja ina vipande zaidi ya 70 vya mbao. Uso ni mbao laini ya jamii ya msonobari, mgongo ni mbao ngumu zaidi.

Ila kuna kipande ambacho ukiitazama fidla huwezi kukiona kirahisi. Ni kijiti chembamba kilichosimama ndani, kati ya uso na mgongo. Hakina gundi, kinashikiliwa na mbano tu. Kazi yake ni kupeleka mtetemo wa nyuzi hadi mgongoni. Waitalia wanakiita anima, yaani roho. Kikianguka, fidla inabaki inang'aa vilevile, lakini sauti yake inafifia.

Kwenye falsafa tulisoma kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba roho ndiyo inayoufanya mwili uwe hai. Basi jiulize, yako imesimama? Unaweza kuimba kwaya kila Jumapili, sare imenyooka, picha za hija zinapendwa mtandaoni, kumbe ndani kuna dhambi uliyoibeba miaka mitatu. Ukiona foleni ya kitubio unapita pembeni. "Padre atanionaje? Mimi nimeshaharibika."

Sasa mwangalie fundi. Roho ikianguka, haitupi fidla wala haipasui. Kwanza analegeza nyuzi, maana zikiendelea kukaza bila roho, uso unaweza kuharibika. Kisha anapitisha chuma chembamba kilichopinda kwenye tundu lenye umbo la herufi f, na taratibu anakisimamisha kijiti mahali pake.

Ndugu yangu, dada yangu, Mungu hakutupi. Hahitaji kukuvunja ili akurudishe. Anaomba nafasi ndogo tu ya kuingilia. Na tundu lile la fundi ni lilelile linalosaidia sauti kutoka. Mdomo wako unaoimba Utukufu ndio huohuo utakaosema, "Padre, naomba kuungama."

Jumamosi hii usipite pembeni. Ingia kwenye foleni.

Tuombeane.