Ipe Mgongo, Mzee

Pikipiki yangu ilianguka Dumila, saa nne asubuhi, ikiwa karibu imesimama. Ninaanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza nilikuwa na mwendo gani, na jibu langu humkatisha tamaa. Nilikuwa natoka Morogoro kwenda Dodoma. Nikachepuka pembeni kununua hindi la kuchoma, nikala, nikapanda tena, nikaanza kuigeuza polepole kurudi kwenye lami. Lori likapita likipiga honi. Nikashtuka, nikakamata breki ya mbele huku usukani nimeukunja kulia.

Aliyewahi kuendesha pikipiki kubwa ameshajua kilichofuata. Mguu wa kulia ulikwenda kutafuta ardhi ukakuta kokoto na mteremko, na chuma kikaanza kulala. Neno ni hilohilo, kulala. Pikipiki ndogo hukurusha, hii hujinyoosha taratibu kama mzee anayetafuta mkeka, na wewe unaona kila kitu, unajua mwisho wake, na huna la kufanya ila kuuwahi mguu wako kabla haujafanywa mto.

Ni Honda Africa Twin ya mwaka 2016, niliyoinunua kwa mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ina kilo 232 ikiwa na mafuta, yaani magunia mawili ya mahindi na debe mbili juu yake. Kiti chake hata kikishushwa kinabaki sentimita 85 kutoka chini, na mimi si mtu mrefu. Jina la Afrika ililipata mwaka 1988, Honda walipotoa toleo la kwanza baada ya pikipiki zao kushinda mbio za Paris–Dakar miaka mfululizo. Mbio zile, kwa ninavyojua, hazikuwahi kupita Dumila.

Basi, imelala. Kilichonitia aibu zaidi ya kuanguka ni nilichofanya sekunde ile ile niliposimama. Sikujipapasa kuona kama nimeumia, wala sikuangalia kama petroli inavuja. Niliangalia watu. Niliwahesabu, nadhani: mama muuza mahindi na jirani yake wa nyanya, vijana wanne kwenye kijiwe cha bodaboda, mtoto mwenye sare ya shule ambaye kwa saa ile alipaswa kuwa darasani. Nikaona nina kama nusu dakika ya kuisimamisha kabla tukio halijawa habari. Nikainama, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikavuta kwa hasira.

Nawaambieni, hasira ina nguvu. Ile pikipiki iliinuka. Uzito wake wote upo mwanzoni, pale inapoachana na ardhi. Ikishafika nusu inaanza kuwa nyepesi, na ikikaribia kusimama wima haina uzito wowote. Hapo ndipo mtego ulipo. Mimi nilikuwa bado navuta kama inavyovutwa iliyolala chini, kumbe yenyewe imeshasimama. Ikapitiliza. Stendi iko upande wa kushoto na sikuwa nimeishusha. Ikaenda kulala ubavu wa pili, safari hii kwa kishindo, na saitimira ya kushoto ikabaki imening'inia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Mtoto mwenye sare alicheka. Sikumlaumu.

Kisha zikaanza pole. Pole, mzee. Pole sana, baba. Pole jamani. Dereva wa basi dogo alipunguza mwendo ili tu aitoe pole yake dirishani, akaendelea na safari. Nimeishi na neno hili tangu kuzaliwa na sikuwahi kugombana nalo, lakini asubuhi ile kila pole ilinichoma kama kaa la moto. Nilisikia ndani yake: tumekuona. Baadaye sana ndipo nilipotulia nikalifikiria. Anayekupa pole hakiri kosa, wala hakuulizi kosa ni la nani. Hakuahidi msaada pia. Anakujulisha kwamba kilichokupata kimepita machoni pake na hakukipuuza. Unapewa bure, na jibu lake ni fupi kuliko yote: asante, nimeshapoa. Mimi nilijibu, “Hamna shida,” nikainama kuvuta tena. Nilipotaka kunyooka, kitu kikakatika kiunoni. Si mfupa, lakini nilikisikia.

Kijana mmoja akatoka kijiweni. Boxer yake ilikuwa imeegeshwa pale na magunia matatu ya mkaa, imebebeshwa mpaka tairi la nyuma linasikitisha. Hakuja mbio. Alikuja na chupa ya maji.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Kunywa maji kwanza. Haiondoki hiyo.”

Nikanywa. Yeye akachuchumaa, akachungulia chini ya tangi, akanusa, akapitisha kidole kwenye kokoto. Akaniuliza kama ipo kwenye gia. Ipo, ya kwanza. “Afadhali, haitatembea.” Halafu akamwita muuza mahindi: “Mama, njoo usimame upande huu wa pili, uweke mikono tu, isije ikapitiliza tena.” Mama akafuta mikono kwenye kanga akaja, akasimama kama aliyekuwa anaisubiri kazi hiyo tangu asubuhi.

“Sasa mzee, wewe unaitazama usoni,” kijana akasema. “Ukiitazama unaichukia. Ipe mgongo.”

Akanionyesha. Usukani aliukunja mpaka mwisho, tairi la mbele likaelekea chini na mpini wa kushoto ukasogea karibu na tangi. Akageuka, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayekaa kwenye ukuta mfupi, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa. Mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto kwenye chuma cha keria. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume kwa hatua fupifupi, visigino vikichimba kokoto. Hakuvuta chochote, alikuwa anatembea tu, na pikipiki ikawa inapanda nyuma yake taratibu, mpaka mama wa mahindi akasema, “Ishafika.” Kijana akaitafuta stendi kwa unyayo, akaishusha, akaiegemeza. Alikuwa na kilo sitini, labda sitini na mbili kwa vumbi la mkaa.

Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akaonyesha magunia. Ukibeba mkaa kwenye njia za porini, alisema, unaanguka. Kuwepo mtu, kusiwepo, unaanguka. Mwanzoni alikuwa anavuta kama mimi, akiwa na miaka ishirini anaamka asubuhi hawezi kuinama kufunga viatu. Kuli mmoja mzee ndiye aliyemwambia kwamba gunia linabebwa na miguu, kazi ya mgongo ni kunyooka tu.

Pikipiki ikagoma kuwaka. Nikasema imekufa. Kijana akasema, “Zima funguo, washa tena. Si hata simu tunafanyaga hivyo?” Nikazima, nikawasha, ikanguruma. Kitabu chake kinaeleza wazi kwamba ikilala injini hujizima yenyewe, na haiwaki mpaka funguo izimwe na kuwashwa upya. Nilikisoma kitabu hicho. Nilikisoma sebuleni, nimekaa kwenye kochi.

Sikufika Dodoma siku ile. Nilirudi Morogoro kwa mwendo wa maiti, na siku tisa zilizofuata nililala sakafuni kwenye mkeka, kwa sababu godoro lilikuwa halivumiliki. Daktari alisema msuli umevutika. Mke wangu aliuliza swali ambalo wote waliuliza, kama nilianguka vibaya. Ikabidi niseme ukweli: kuanguka hakukunifanya kitu, hata suruali haikuchanika. Niliumia wakati wa kuinua.

Ukilala chali siku tisa unapata muda wa kutafuna maneno. Mimi nilitafuna moja: kiinua mgongo. Sijui nani aliyelitunga, lakini alikuwa mtu mwenye macho. Mtumishi anainama miaka thelathini, siku anapotoka anapewa fedha za kumwinua. Na nikamkumbuka rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliyechukua kiinua mgongo chake akanunua Coaster ya abiria.

Kwa miezi mitatu utingo alimwita Tajiri, na mtaa nao ukadaka. Mwezi wa nne injini ikafa. Huko si kuanguka kwa ajabu. Magari hufa injini. Angeweza kuliegesha gari uani, akakaa kibarazani wiki mbili akanywa chai, akapiga hesabu na watu wanaojua biashara ile. Angeweza kuliuza kama lilivyo. Lakini Tajiri anaegeshaje gari uani watu wakaona? Alfajiri moja, kabla majirani hawajaamka, lilivutwa gereji. Injini nyingine ikanunuliwa kwa mkopo wa kausha damu, ule ambao riba yake huanza kukimbia kabla hujatoka mlangoni, na hati ya nyumba ikawa dhamana. Gari likarudi barabarani ndani ya siku kumi. Kuna waliompongeza kwa ukakamavu. Leo nyumba ile wanakaa watu wengine.

Alinitembelea nikiwa sakafuni. Nikamsimulia habari ya Dumila, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alinyamaza, kisha akasema, “Mimi gari halikunifilisi. Zilinifilisi zile siku kumi nilizokuwa sitaki mtu ajue.”

Tumelelewa hivyo, wanaume hasa. Mtoto akianguka uwanjani tunamwambia inuka, jikaze, hujaumia. Tunamwambia hujaumia kabla hatujamwangalia. Nimewaambia wanangu maneno hayo mara nyingi, na kwa sauti ya mtu anayedhani anafundisha ushujaa. Mama yao ndiye aliyekuwa anakwenda kukunja suruali na kutazama goti.

Siku zile pia nilirudia kutazama kipindi kimoja cha zamani. Mwaka 2004 mwigizaji Ewan McGregor na rafiki yake Charley Boorman walitoka London kwenda New York kwa pikipiki, wakizunguka kwa upande wa mashariki. Pikipiki zao za BMW zilikuwa nzito kuliko yangu, na juu yake wamepakia nusu ya duka. Huko Mongolia, kwenye matope na mabonde, walianguka mpaka ukachoka kuhesabu. Mwaka 2007 walishuka kutoka Uskoti hadi Cape Town, wakapita na hapa kwetu Tanzania. Mara ya kwanza nilikitazama kwa ajili ya njia na mandhari. Safari hii nilitazama nini kinafanyika mtu akianguka. Kamera ipo usoni, dunia nzima itaona, naye anakaa chini kwanza kwenye matope, anahema, anatukana kidogo. Mwenzake anaegesha, anakuja kwa miguu. Wanainua wawili. Kweli, wana gari la msaada na fedha za televisheni, na ni rahisi kukaa kwenye matope ukijua unalipwa. Lakini hata hivyo.

Nilipopona niliilaza pikipiki uani kwa makusudi, juu ya majani, nikafanya mazoezi. Jirani alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ndiyo, mara ya sita leo. Akasema pole. Nikasema asante, nimeshapoa.

Wiki iliyopita nilikuwa Msamvu, hapa Morogoro, nangoja mtu, nikamwona bwana mmoja mnene, koti la ngozi, miwani ya jua, akiingia na pikipiki kubwa kuliko yangu. Akasimama, akakunja usukani, akakamata breki ya mbele. Nilijua kabla yake. Ikalala upande wa kulia, taratibu, kama zinavyolala. Akaruka pembeni, na jambo la kwanza alilofanya ni kugeuza kichwa kutuangalia sisi.

Nikamsogelea. “Pole sana, kaka. Tukusaidie?”

“Hapana, hapana. Niacheni. Ninaiweza.”

Uso umemwiva. Vijana wawili waliokuwa wanakuja wakarudi nyuma. Alipoinama kutafuta mahali pa kushika, mimi nilizunguka upande wa pili, ubavu wa kushoto ulioangalia juu, nikaisukuma stendi kwa ncha ya kiatu mpaka ikafunguka yote. Nikarudi nilipokuwa nimesimama, mikono mfukoni.

Akavuta kwa hasira. Pikipiki ikapanda, ikafika wima, ikapitiliza kama ile yangu, akaiachia huku anafumba macho. Ikaegemea stendi, ikatulia.

Akafumbua macho. Akaitazama stendi muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

“Hii nani kaishusha?”

“Pole sana, kaka,” nikamwambia.