Kidole Hakiigizi

Ndugu msomaji, nianze na swali ambalo kijiweni kwetu Mchikichini lilitaka kuwagombanisha watu. Mtu akikuonyesha nyumba ya uongo, ya mtu wa uongo, katika kisa cha kutungwa, je, amekudanganya? Wengi walicheka. Walisema uongo juu ya uongo hauongezi kitu, ni sawa na kumwaga maji baharini. Mimi sikucheka, na sababu yangu nitaieleza hapa, ingawa inaniaibisha.

Swali lenyewe lilizaliwa safarini. Jumamosi moja vijana wa kikundi chetu cha sanaa tulichangishana, tukakodi Coaster kwenda Bagamoyo. Nia yetu ilikuwa kuzunguka kutwa nzima tukiona mahali palipopigwa picha za Siri ya Mtungi, ule mchezo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa mwaka 2012, wenye kisa cha kijana mpiga picha aitwaye Cheche. Tuliondoka asubuhi na mapema, tukawaacha wauza mitumba wa Karume ndiyo kwanza wanafungua marobota, tukashika Barabara ya Kawawa kuelekea Magomeni, kisha Mwenge, Tegeta, Bunju, mpaka minazi ikaanza kuwa mingi kuliko nyumba.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa huko huko, mcheshi, anayejua kusimulia. Alianzia Kaole, jina ambalo wengi wetu wa Dar tulilijua kwanza kwa kundi la maigizo la ITV, kabla hatujajua kwamba ni magofu ya msikiti wa karne ya 13, yenye makaburi ya watu waliokuwa na mji wao, na biashara zao, na bila shaka majungu yao. Tulikaa dakika kumi. Tukapelekwa Caravan Serai, kwenye kumbukumbu za misafara iliyoteremsha pembe za ndovu na binadamu kutoka bara. Dakika tano. Watu walikuwa na hamu ya Cheche, bwana.

Basi tukaingia Mji Mkongwe. Kiongozi akasimama mbele ya nyumba moja ya zamani, akanyoosha kidole. "Hapa ndipo studio ya Cheche ilipokuwa." Simu zikatoka mifukoni, kila mmoja akataka kupigwa picha ameegemea mlango. Katikati ya zogo lile mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja na beseni la nguo mbichi. Alitutazama kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kutazama makundi kama letu mara nyingi. "Karibuni, wanangu," akasema, "lakini Cheche hakai hapa." Akapita katikati yetu kwenda kuanika.

Hatukufika mbali. Mtaa wa pili tulimkuta kijana mwingine na wageni wake, naye ananyooshea kidole nyumba nyingine kabisa, naye anasema ni ya Cheche. Kiongozi wetu akazuga kama hakusikia, akatupeleka ufukweni kula samaki.

Ndani ya Coaster, wakati wa kurudi, ndipo ubishi ulipowaka. Mshikaji mmoja ambaye amesoma kidogo na anapenda kuonekana amesoma sana, alisema hivi: "Cheche hajawahi kuwepo. Mtu asiyekuwepo hana nyumba. Sasa nyumba ya mtu asiyekuwepo itakuwaje ya kweli au ya uongo?" Tukapiga makofi. Hoja ilikuwa tamu kweli, ina harufu ya chuo kikuu.

Lakini hoja tamu si lazima iwe hoja sahihi. Tuichambue taratibu.

Babu na bibi zetu hawakuwa wajinga wa mambo haya. Mtambaji wa hadithi haanzi tu kusema kwamba sungura alimwambia fisi. Anaita kwanza, "Paukwa!" Wanaosikiliza wanaitika, "Pakawa!" Huo ni mkataba. Mtambaji anaomba ruhusa ya kusema yasiyokuwepo, wenzake wanampa ruhusa hiyo. Baada ya hapo sungura aseme anavyotaka, hakuna aliyedanganywa. Kwa hiyo mtunzi si mwongo, na mwigizaji si mwongo. Hata kwenye televisheni, ule muziki wa mwanzo na yale majina yanayopita ndiyo "paukwa" ya siku hizi.

Kidole cha kiongozi hakikuwa na "paukwa". Yeye hakutuambia kwamba Cheche aliwahi kuishi. Alituambia jambo jingine: kwamba wapiga picha walisimama hapa, mbele ya mlango huu. Hilo si hadithi. Hilo ni tukio lililotokea au halikutokea, kama vile ajali au harusi. Mshikaji wetu alichanganya vitu viwili, nyumba ya mhusika na mahali pa kazi ya watu. Kwa hiyo jibu la kwanza ni rahisi: ndiyo, kama nyumba haikuwa yenyewe, tumedanganywa.

Unguja nako wanalijua tatizo hili. Freddie Mercury alizaliwa huko mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Mgeni akitembezwa Mji Mkongwe anaweza kuonyeshwa nyumba zaidi ya moja zinazodaiwa kuwa alikaa humo. Huyu si Cheche, ni mtu aliyekuwa na mama na baba na daftari la shule. Lakini kidole kinanyooshwa vilevile, na picha zinapigwa vilevile.

Sasa, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Kijana yule wa Bagamoyo anatafuta riziki. Mwaka 2022 nchi nzima tulishangilia filamu ya Royal Tour, ambamo Rais Samia mwenyewe alikuwa kiongozi wa watalii mbele ya kamera. Tuliambiwa picha zinaleta wageni na wageni wanaleta fedha, na ni kweli. Kama kumwonyesha mtu kimlango kunampa kijana unga wa jioni, na mgeni anaondoka na furaha, nani ameumia? Mshikaji aliniuliza hivyo hivyo: "Nitajie aliyeumia."

Nilinyamaza. Coaster ilikuwa imerudi kwenye Barabara ya Kawawa. Sasa namtaja aliyeumia.

Nilipokuwa darasa la tano, mtaani kwetu Mchikichini alikuwepo bibi mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua. Sitamtaja jina. Alikuwa na nyumba ya Kiswahili ya kawaida, korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo na mwembe. Asubuhi ukienda shule unamkuta barazani na jiko lake la mkaa, macho mekundu kwa moshi. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, umekunywa chai?" Kama hujanywa, kitumbua kimoja kilikuwa chako bure.

Ikatokea kundi moja la maigizo likaiomba nyumba yake kwa siku mbili. Wakamwachia fedha ya sukari. Wakatundika vitambaa vyekundu na vyeusi ukumbini, wakapanga tunguri, wakafukiza ubani. Mtaa mzima tulijaa dirishani kuchungulia. Bibi mwenyewe alikuwa uani anawapikia chai waigizaji, anacheka. Mchezo ulipoonyeshwa, nyumba ile ilikuwa ya mchawi.

Kumbuka, msomaji, sisi wa Bara televisheni tuliipata kwa kuchelewa. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Sisi tulisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo nilipokuwa mtoto kilichoonekana kwenye kioo kilikuwa bado na uzito wa ajabu, hasa kwetu watoto tuliotazama kwa jirani tukiwa tumekaa sakafuni. Mlango wa Bibi ulikuwa umeingia kwenye kioo, na ulipotoka haukuwa mlango uleule.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Wenzangu wa shule, wa Ilala na wa Buguruni, walitaka kuiona nyumba ya mchawi. Nikawa nawapeleka. Nilikuwa natoza shilingi hamsini kwa kichwa. Tunasimama ng'ambo ya barabara, nanyoosha kidole, nasema, "Ile pale. Na yule ndiye mwenyewe." Sikuwa na "paukwa". Nilijua kabisa kwamba aliyecheza mchawi alikuwa mwanamke mwingine, aliyeondoka na gari la waigizaji. Lakini yule hakuwepo, na Bibi alikuwepo, macho mekundu, jikoni kwake. Kidole kilihitaji mtu.

Watoto waliacha kununua vitumbua. Kisha wazazi wao. Usidhani ni mchezo: katika nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ambayo wekundu wake ni moshi wa kupikia. Kwa Bibi haikufika huko. Ilifika kwenye beseni la vitumbua linalorudi ndani limejaa. Siku moja nilipita nikamwamkia kwa mazoea. Hakuitikia marahaba. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, wewe uliniona nikiroga?" Nikakimbia. Mwaka haukuisha akaenda kwa ndugu zake Mkuranga, na nyumba ikauzwa. Leo pale pamesimama ghorofa la maduka.

Nimejiuliza kwa miaka mingi kosa lilikuwa la nani. La mtunzi? Alitunga mchawi, hakumtunga Bibi. La mpiga picha? Alikodi ukumbi. Wote wawili wanaweza kusema kazi yao ilikuwa na mkataba. Mwigizaji naye ana jina lake la kurudia. Angalia hata jina la barabara yetu: Rashidi Kawawa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Filamu ikaisha, akarudi kuwa Kawawa, mpaka akawa Waziri Mkuu. Mwigizaji huvua vazi la mhusika. Nyumba haiwezi. Nyumba inabaki pale pale na vazi lake, na anayekaa ndani ndiye analivaa bila kuulizwa. Na anayehakikisha halivuki ni mwenye kidole.

Ndiyo maana nasema lile swali letu la kijiweni liliulizwa vibaya. Tulikuwa tunauliza kama Cheche alikaa pale. Tulipaswa kuuliza ni nani anakaa pale sasa. Hata kama kiongozi wetu alikuwa sahihi, na studio ilikuwa kweli mlango ule, bado alikuwa amesema nusu ya kweli, kwa sababu kidole chake kilimpita mama wa beseni kana kwamba ni kivuli cha ukuta.

Je, tuache kutembelea mahali palipoigizwa? Hapana, mimi nitarudi Bagamoyo. Je, sisi waandishi chipukizi tuache kutumia mitaa ya kweli, tutunge miji isiyo na majina? Hapana pia, hadithi isiyo na mtaa ni kama kitumbua kisicho na chumvi. Ila tujue kwamba mlango wa mtu ni kitu cha kuazima. Ukiazima sufuria unalirudisha limesuguliwa. Wale waigizaji walifagia ukumbi wa Bibi vizuri sana walipoondoka, nawapa haki yao. Kilichobaki kichafu ni jina lake, na hilo hakuna aliyelifagia, nami nikalichafua zaidi kwa shilingi hamsini hamsini.

Kiongozi angeweza kusema hivi: "Hapa palipigwa picha. Hapa anakaa mama fulani, tumwombe ruhusa kwanza." Maneno machache tu, na wala hayampunguzii mtu unga wa jioni.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi siku ile tuliuzunguka mtungi kutwa nzima, tukaupiga picha kila upande. Kata ilipita mbele yetu imebeba beseni, ikatuambia ukweli kwa sentensi moja, na katika watu wote waliokuwemo ndani ya Coaster ile, nami nikiwemo, hakuna aliyefungua mdomo kumwuliza jina lake.