Haja ya Jicho

Yako maswali ambayo mtu huona haya kuyaleta mbele ya wasomi kwa sababu ya udogo wake. Langu ni la namna hiyo. Je, mtu mzima mwenye kioo cha kompyuta kilicho kizima, kisicho na ufa wala doa, anayo haki ya kununua kingine kwa sababu tu hicho kingine huonyesha michezo kwa wepesi zaidi? Nilidhani ni swali la mfuko. Nilipolichunguza niliona kuwa ni swali la ukweli, na katika kesi hiyo mimi mwenyewe sikuwa shahidi mwaminifu.

Kwanza hapana budi kukieleza kitu chenyewe. Kioo cha kompyuta hakionyeshi mwendo. Huonyesha picha zilizosimama, moja baada ya nyingine, na akili ya mtazamaji ndiyo iziungayo zikawa mwendo. Idadi ya picha ambazo kioo huweza kubadilisha katika sekunde moja huhesabiwa kwa hezi. Sinema imetumia picha 24 kwa sekunde tangu ilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu wa Zanzibar waliopata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliletewa picha 25, na sijasikia mzee hata mmoja akilalamika kuwa alipunjwa. Kioo changu hutoa 60. Ninachokitamani hutoa 144, na siku hizi viko vipitavyo 500.

Nilikiona dukani. Muuzaji, kijana mwenye adabu, hakukisifu. Alishika kipanya tu akakizungusha kishale juu ya kioo. Kishale hakikuruka kutoka mahali hata mahali kama changu kifanyavyo, bali kiliteleza. Macho hayana pazia. Niliporudi nyumbani, kioo nilichokitumia miaka sita bila manung'uniko kilikuwa kimezeeka kwa saa moja.

Tamaa ikiisha kuingia huanza kutafuta mawakili. Wakili wa kwanza aliyejitokeza aliitwa Ushindi. Jioni nyingine hucheza mchezo wa shabaha na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na saba akaaye mtaa wa pili, naye hunishinda bila huruma. Nilijiambia kwamba hunishinda kwa kioo, maana chake ni kipya. Basi nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Katika kioo cha hezi 60 kila picha hukaa milisekunde 16.7, katika kile cha 144 hukaa milisekunde 6.9. Faida yote haifikii milisekunde 10. Mtu mwepesi, tangu jicho lake lione jambo hata kidole chake kibonye, hutumia kama milisekunde 200, nami si mwepesi tena. Zaidi ya hayo, mchezo wetu huamuliwa na mashine iliyoko Ulaya. Kutoka Dar es Salaam mpaka Frankfurt ni takriban kilomita 7,000, na nuru ipitayo ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata kama waya ungenyoshwa kama uzi wa seremala, ni milisekunde 70, na waya haukunyoshwa hivyo. Hupita baharini na kuzunguka. Nilikuwa tayari kulipa karibu mshahara wa mwezi mzima ili kuokoa tone, hali bahari yote imekaa kati yangu na mshindani wangu.

Sitaki kumdhulumu wakili huyo. Milisekunde 10 si kitu cha kudharauliwa baina ya walio sawa. Katika mashindano ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mbio za mita 100 za wanaume ziliamuliwa kwa elfu tano za sekunde: Noah Lyles alipewa dhahabu na Kishane Thompson fedha. Kwa watu kama hao tone ni bahari. Lakini baina yangu na mpwa wangu hakuna usawa wa namna hiyo. Siku moja nilikwenda kwao nikacheza kwa kioo chake, naye akachukua kile kibovu cha babaye. Alinishinda vilevile, kisha akasema kwa upole, "Mjomba, wewe unatazama mahali adui alipo. Tazama mahali atakapotokea." Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Wakili wa pili namtaja kwa haya. Aliitwa Afya. Nilimwambia mke wangu kwamba macho yananiuma nikisoma kazi za wanafunzi usiku, na kwamba kioo kipya kingeyapumzisha. Kuuma kulikuwako, lakini kulitokana na kukaa mpaka saa nane za usiku, na dawa yake ilikuwa kitanda. Yeye hakuniuliza neno. Tulikuwa tumeweka fedha kwa ajili ya tangi la maji, maana mtaani kwetu maji hutoka usiku wa manane na ndiye aamkaye kuyakinga. Akasema, "Macho hayauzwi dukani, Baba watoto. Tangi lingoje." Niliposikia hayo nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja.

Hapa ndipo swali langu lilipogeuka. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyagawa maslahi ya watu katika ngazi tatu: yaliyo ya dharura, ambayo bila hayo maisha huharibika, yaliyo ya haja, ambayo huondoa uzito na dhiki, na yaliyo ya pambo, ambayo hutia uzuri tu. Jambo linipendezalo katika mgawanyo huo ni kwamba ngazi ya tatu haikufukuzwa nyumbani. Pambo limepewa mahali pake, ila mahali penyewe ni nyuma ya mengine. Mimi nilikuwa nimelivika pambo nguo za dharura nikalitanguliza mbele ya maji. Anayelitaka pambo na kuliita pambo hushindana na wenzake kwa haki, nao waweza kumwambia ndiyo au la. Anayeliita haja huwapokonya wenzake neno la kujibu, kwa kuwa nani atamkatalia mgonjwa?

Najua wako watakaosema kwamba kosa liko mapema zaidi, katika kutamani kwenyewe. Watasema kuwa upungufu uliozaliwa na kuona si upungufu, na kwamba laiti nisingaliingia dukani ningalikuwa mtu aliyetosheka. Sikubali upesi. Mwanafunzi asiyefundishwa mizani huyasikiliza mashairi mabovu kwa raha. Akiisha kufundishwa, ubeti uliopungua silabi moja humchoma sikio. Hatusemi kwamba mwalimu alimdhulumu. Jicho nalo hufundishwa, na lililofundishwa haliongopi: tofauti niliyoiona ipo. Kitu kinachovuka kioo chenye upana wa nukta 1,920 kwa sekunde mbili hukimbia nukta 960 kila sekunde. Jicho hukifuata bila kusita, lakini kila picha husimama palepale mpaka ijayo ifike. Basi ukungu hutanda nyuma ya kitu hicho kwa upana wa nukta 16 katika kioo cha hezi 60, na wa nukta 7 hivi katika kile cha 144. Ukungu ukipungua, majani ya mti unaopita huonekana kuwa majani. Huo ni uzuri, na sioni aibu kuupenda.

Walakini mfano wangu wa mashairi una kasoro, nami siwezi kuificha. Sikio lililofunzwa humtajirisha mtu hata kama mkononi hana kitu, maana mashairi mazuri yako mengi na hayaulizi bei. Jicho lililozoezwa kioo humkabidhi mtu kwa muuzaji. Na muuzaji hana mwisho. Diderot, mwandishi wa Ufaransa wa karne ya 18, alisimulia jinsi joho jipya la nyumbani lilivyofanya kiti chake, meza yake na picha zake zionekane duni, hata akavibadilisha vyote na kulijutia joho kuukuu. Kioo cha hezi 144 ni joho la namna hiyo. Kompyuta yangu haiwezi kutengeneza picha 144 kwa sekunde katika michezo iliyo mizito. Ingetaka kadi ya picha mpya, na kadi ingetaka umeme mwingi kuliko uwezo wa kisanduku cha umeme kilichomo sasa. Muuzaji hakulitaja hilo, wala sikumwuliza.

Kwa hiyo mawakili wawili walishindwa, akabaki wa tatu asiye na hoja yoyote, aliyesema tu, "Nakipenda." Huyo peke yake hakuwa mwongo. Lakini ilinibidi nimpeleke mbele ya hakimu aliyekwisha kuhukumu kwa ushahidi wa uongo.

Nilimweleza mke wangu jioni moja tulipokuwa tukichambua mchele. Alinyamaza kitambo, mikono ikiendelea na ungo. Kisha akaniuliza macho yangu yalipona lini. Nikasema hayakuwa na ugonjwa. Akaniuliza tena, na swali hili sikulitazamia, hicho kioo kina nini hata nikisingizie macho. Nilijaribu kumweleza habari za hezi nikashindwa. Jumamosi tulifuatana mpaka dukani, na kijana yule akakizungusha kishale kama alivyofanya mara ya kwanza. Mke wangu alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi.

"Ni kizuri kweli," akasema. "Mbona hukusema hivyo?"

Tulitoka bila kukinunua, tukapita kwa wauza matangi kuuliza bei ya lile la lita elfu moja. Kioo cha zamani kingali mezani, na kishale chake kingali kikiruka. Habari ya kununua tumepanga kuizungumza baada ya mvua za masika.